UZI: Kwa nini taji la Jua lina moto kuliko Jua lenyewe? Chombo kimeingia humo, tujadili kilichorudi nacho

Mwalimu wa Usangu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, Mbarali, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Wengi mnaikumbuka siku ile, Jua lilipopatwa kipete. Wageni walikuja na darubini za kila aina. Sisi tulikuwa na kioo kimoja cha fundi wa kuchomelea, namba 14, kikizunguka mikononi mwa watoto arobaini. Ilipokaribia saa sita mchana Mwezi uliingia katikati kabisa, ikabaki pete nyembamba ya moto kwa karibu dakika tatu. Tulikuwa chini ya mwembe. Kila tundu la mwanga kati ya majani lilichora pete yake mchangani, mamia ya pete ndogo, zikicheza kila upepo ulipopita. Watoto waliacha kutazama juu wakawa wanatazama chini, wanaziwekea viganja pete zile zitue juu yake.

Ndipo binti mmoja akaniuliza: "Mwalimu, kwenye kitabu Jua likipatwa lina nywele nyeupe pembeni. Mbona hili halina?"

Hilo nililimudu. Nywele zile ni tabaka la nje kabisa la Jua, na mwanga wake ni hafifu kama mara milioni moja kuliko uso tunaouona kila siku. Ikibaki hata pete nyembamba ya uso ule, nywele hazionekani. Mpaka Mwezi uzibe Jua lote.

Akauliza, zina joto kiasi gani? Nikamwambia zaidi ya nyuzi milioni moja. Na uso wa Jua? Nyuzi 5,500 hivi. Akanyamaza, kisha akasema: "Mwalimu, mtu akitoka jikoni akaenda uani, anapoa au anaungua?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nimelibeba swali lile tangu siku hiyo, nimesoma kila nilichoweza kukipata, na miaka hii michache kazi imesonga mbele kuliko miaka themanini iliyotangulia. Nataka tulijadili hapa kwa Kiswahili chetu, kwa sababu binti yule alistahili kulisoma kwa lugha aliyoliulizia.

Wataalamu huliita tabaka hilo korona, maana yake taji. Neno korona limeshabeba msiba wa 2020, kwa hiyo mimi nitasema taji.

Jambo lenyewe ni hili. Joto la Jua linazaliwa kwenye kiini, kwenye nyuzi milioni 15. Linapanda kuja nje na kupungua njiani, kama unavyotegemea, mpaka usoni linakuta nyuzi 5,500. Ukipanda tena kilomita elfu chache tu, joto linaruka hadi milioni moja, milioni mbili, mahali pengine zaidi. Joto la kawaida halipandi mlima peke yake, halitoki penye baridi kwenda penye moto. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachobeba nguvu kutoka chini na kuishusha kule juu. Swali lote ni kitu gani hicho, na kinashusha mzigo wake kwa njia gani.

Naendelea usiku. Karibuni.

---

Kijana wa Buguruni

Mwalimu, naweka kambi hapa. Kabla hujaendelea naomba unisaidie: hiyo milioni moja walipimaje? Maana 2018 ndiyo chombo kilikwenda, lakini wewe unasema swali lina miaka themanini.

---

Mwalimu wa Usangu

Mkuu, swali lako lina hadithi nzuri kuliko zote katika jambo hili.

Tarehe 7 Agosti 1869 Jua lilipatwa kikamilifu Marekani. Charles Young na William Harkness, kila mmoja kwa kifaa chake, waliuchambua mwanga wa taji kwa kuutawanya kama upinde wa mvua. Humo wakakuta mstari mmoja wa kijani ambao haukufanana na mstari wa elementi yoyote iliyojulikana duniani. Mwaka mmoja kabla yake mstari wa namna hiyo, wa manjano, ulikuwa umeonekana kwenye Jua, na huo ndio uliokuja kuwa heliamu. Basi watu wakasema hii nayo ni elementi mpya, wakaiita koroniamu. Wakaisaka miaka sabini.

Haikuwapo. Mwaka 1939 Mjerumani Walter Grotrian aliona dalili, na miaka ya 1940 Msweden Bengt Edlén akathibitisha: mstari ule wa kijani ni chuma. Chuma hiki hiki cha jembe na nondo. Ila kimenyang'anywa elektroni 13 kati ya 26 ilizo nazo atomu yake. Ili atomu ya chuma ipoteze nusu ya elektroni zake inabidi igongwe kwa nguvu ambayo huipati mpaka penye joto la zaidi ya nyuzi milioni moja. Kipimajoto ni chuma chenyewe, mkuu. Hesabu elektroni zilizobaki utajua palikuwa na moto gani.

Hapo ndipo fumbo lilipozaliwa. Kabla yake hakuna aliyekuwa akijiuliza kwa nini taji ni la moto, kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa ni la moto.

---

Fundi Seif

Nimesoma kwa utulivu. Sasa mwalimu, chombo kinaingiaje mahali penye nyuzi milioni moja na kisiyeyuke? Chuma changu mimi kinayeyuka elfu moja na mia tano.

Nimewaza hivi, unisahihishe. Ninapokata nondo kwa grenda, cheche zinaruka mpaka kwenye mkono. Zile cheche ni chuma kinachowaka, joto lake ni kubwa kuliko maji yanayochemka mara kumi. Lakini zikinigusa mkononi zinachoma kidogo tu, na siku nyingine sizisikii. Maji ya chai yakinimwagikia naenda hospitali. Cheche ina moto lakini ni ndogo, haina cha kunipa. Ni jambo hilo?

---

Mwalimu wa Usangu

Fundi, ni jambo hilo hilo, na kesho nitalifundisha darasani kwa maneno yako. Joto la kitu ni kasi ya chembe zake. Kuungua ni idadi ya chembe zinazokupiga. Taji ni jembamba kupita kiasi, chembe zake zimetawanyika mno hata chombo kikipita humo kinapigwa na chache. Kinachokiunguza chombo hasa ni mwanga wa Jua lenyewe unaokuja moja kwa moja kutoka usoni.

Kwa mwanga huo walikitengenezea ngao. Chombo ni Parker Solar Probe cha NASA, ukubwa wake kama gari dogo, kilirushwa tarehe 12 Agosti 2018. Ngao yake ni mkate wa kaboni: kaboni ngumu mbele na nyuma, katikati sponji ya kaboni. Unene wote sentimita 11.4, yaani kama upana wa kiganja changu na kidole kimoja. Upande unaotazama Jua unafikia karibu nyuzi elfu moja. Nyuma yake vifaa vinakaa kwenye nyuzi 30 hivi, joto la Dar mchana. Na paneli za sola zinapozwa na maji, maji ya kawaida yaliyosafishwa, yanazunguka kwenye mirija kama kwenye rejeta ya gari.

---

Mwalimu wa Usangu (sehemu ya pili)

Sasa safari yenyewe.

Kwanza muujue huyu Parker, kwa sababu chombo kilipewa jina lake akiwa hai, na NASA haikuwa imewahi kufanya hivyo kwa mtu yeyote. Eugene Parker mwaka 1958 aliandika kwamba taji haliwezi kutulia. Kwa moto ule lazima livuje, na chembe zake zimiminike angani kila upande bila kukoma. Akauita upepo wa jua. Wahakiki wawili waliikataa karatasi yake. Mhariri wa jarida alikuwa Subrahmanyan Chandrasekhar, naye hakulipenda wazo lile, lakini alipopitia hesabu hakuona kosa, akaichapisha. Miaka minne baadaye chombo cha Mariner 2 kikiwa njiani kwenda Zuhura kikaupima upepo ule. Ulikuwapo, kama alivyosema. Napenda sana alichofanya Chandrasekhar. Hukukubaliana na mtu, lakini hesabu yake ni safi, basi unampisha.

Parker alikwenda kushuhudia chombo chake kikirushwa akiwa na miaka 91. Alifariki Machi 2022.

Chombo kilipita karibu na Zuhura mara saba, na kila mara sayari ile ilikipunguzia mwendo wa kulizunguka Jua kikazidi kuangukia ndani. Tarehe 28 Aprili 2021, kikiwa kilomita milioni 13 kutoka usoni, kilivuka mpaka ambao ndani yake sumaku ya Jua bado imeishika plazma, yaani ile hewa ya moto yenye chembe za umeme, na nje yake upepo umeshaachiliwa, haurudi tena. Ndiyo siku kitu cha binadamu kilipoingia ndani ya taji la Jua kwa mara ya kwanza. Taarifa ilitolewa Desemba ya mwaka huo.

Halafu ikaja tarehe 24 Desemba 2024. Kilomita milioni 6.1. Chukueni uwanja wa mpira wa mita mia: Dunia ikae kwenye mstari wa goli la huku, Jua kwenye mstari wa goli la kule. Chombo kilifika mita nne kutoka mstari ule. Si ndani ya kumi na nane, ni ndani ya sita. Kasi yake ilikuwa kilomita 692,000 kwa saa, yaani Dar hadi Morogoro kwa sekunde moja. Kwa siku kadhaa hakikuweza kuwasiliana. Mlio wake ulipokewa asubuhi ya tarehe 27 kwa saa zetu: mzima. Mimi nilikuwa nyumbani kwa wazazi kwa ajili ya Krismasi, nikaisoma habari ile uani kwenye simu, nikamwita mama nimweleze. Mama aliuliza kama ndani kuna mtu. Nilipomwambia hakuna, akasema "afadhali", akarudi kupepeta mchele.

Chombo kimepita tena kwa umbali ule ule Machi 2025 na Juni 2025.

---

Mwalimu wa Usangu (sehemu ya tatu, ndiyo yenye nyama)

Mzigo unabebwa na sumaku. Hilo halina ubishi tena. Uso wa Jua unachemka kama sufuria ya uji wa ulezi: unapanda katikati, unatandaa, unazama pembeni. Ila kila povu la uji huo lina upana wa kilomita elfu moja hivi, kama mstari ulionyooka toka Dar hadi Bukoba, na baada ya dakika chache linakufa linazaliwa jingine. Sumaku ya Jua imeota mizizi ndani ya uji huo. Uji ukisogea, mizizi nayo inasogezwa, na mistari ya sumaku iliyosimama juu hadi kwenye taji inasukwa, inapindwa, inatikiswa.

Tangu hapo wataalamu wakagawanyika kambi mbili.

Kambi ya kwanza inasema mawimbi. Shika kamba iliyofungwa mtini, tikisa mkono wako, wimbi linakwenda mpaka kwenye mti. Hannes Alfvén alionyesha mwaka 1942 kuwa mistari ya sumaku ndani ya plazma hutikisika namna hiyo, na kwa kazi hiyo akapewa Nobeli 1970. Mawimbi yanapanda, yanavunjikia juu, yanaacha joto.

Kambi ya pili inasema kukatika. Mmewahi kusokota mpira wa manati mpaka ukajikunja mafundo? Ukizidi unakatika na kukuchapa. Mistari ya sumaku ikisokotwa sana inakatika na kuungana upya kwa umbo jepesi, na nguvu iliyokuwa imejikusanya inatoka mara moja. Milipuko mikubwa ya Jua ndivyo inavyotokea. Parker huyu huyu mwaka 1988 alipendekeza kuwa iko pia midogo sana isiyoonekana, mingi kila wakati, na jumla yake ndiyo inayolipasha taji.

Sasa tazameni kilichopatikana. Safari za mwanzo kabisa za chombo, matokeo ya 2019, zilikuta mistari ya sumaku ndani ya upepo wa jua imejikunja kama herufi S: inatoka nje, ghafla inageuka kurudi, halafu inanyooka tena. Maelfu kwa maelfu. Mwaka 2023 kundi la Stuart Bale na James Drake likaonyesha kuwa upepo wa kasi unatoka chini kabisa ya yale maeneo meusi ya taji, mahali ambapo mistari inakatika na kuungana upya bila kupumzika. Kambi ya pili ikafurahi.

Halafu ukaja utafiti wa 2024 ulioongozwa na Yeimy Rivera, na huu ndio ninaoupenda kuliko zote. Februari 2022 vyombo viwili, Parker na Solar Orbiter cha Ulaya, vilijipanga kwa namna ambayo kijito kile kile cha upepo kilipita kwa Parker karibu na Jua, kisha siku mbili hivi baadaye kikamfikia Solar Orbiter mbali zaidi. Ni kama kupima mto mmoja kwenye daraja la juu na daraja la chini. Kwa Parker upepo ulikuwa umebeba mawimbi makubwa ya Alfvén. Kwa Solar Orbiter mawimbi yamepungua sana, na upepo umeongezeka kasi, na haukupoa kama ulivyotakiwa kupoa. Mawimbi yalitoa mzigo wake njiani. Imepimwa, si nadharia. Kambi ya kwanza nayo ikafurahi.

Maoni yangu, na mnaruhusiwa kunipinga: kambi hizi ni majirani wa ukuta mmoja. Manati ikikatika, kamba nzima inatikisika. Kukatika kwa chini kunazaa mawimbi, na mawimbi yanapeleka joto mbali. Swali lililobaki ni la mgao: kati ya uso na taji la chini, pale penye kilomita elfu chache ambazo chombo hakitafika kamwe, kila mmoja anachangia kiasi gani? Hapo inabidi watazame kwa darubini. Ile ya Inouye huko Maui, Hawaii, yenye kioo cha mita nne, inaona nyuzi za sumaku zenye unene wa makumi ya kilomita tu kwenye Jua lililo kilomita milioni 150 kutoka kwetu.

Binti yangu wa Rujewa, kama unasoma: ukitoka jikoni ukaenda uani unapoa. Ila kama jikoni kuna mtu anasokota kamba, na ncha nyingine umeishika wewe uani, mkono utakaoungua ni wako.

---

Mngomeni

Mwalimu hongera. Mimi ni wa Ngomeni, Malindi, na nataka kuongeza jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui.

Kitu chenye nyuzi milioni hutoa eksirei, na eksirei za angani hazifiki chini, hewa inazizuia. Ndiyo maana kuziona lazima upande juu. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta eksirei za angani peke yake ilirushwa hapa kwetu, kwenye lile jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, na kwa sababu hiyo ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili, liko kwenye vitabu vya astronomia vya dunia nzima mpaka leo. Iliorodhesha vyanzo 339. Vipimo vyake ndivyo vilivyofanya watu waanze kuamini kuwa chanzo kimoja cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi ile alipata Nobeli 2002.

Babu yangu alikuwa mvuvi. Alitusimulia moto uliopanda kutoka baharini na samaki waliokimbia. Jukwaa bado limesimama, ukitoka na mashua unaliona miguu yake imejaa kutu.

---

Mwalimu wa Usangu

Mzee wangu, ahsante sana kwa hili. Nimefundisha miaka mingi na sijaliona kwenye kitabu chochote cha kiada.

---

Neema_Tbt

Shikamoo mwalimu. Mimi naomba kuuliza kuhusu Mei 2024. Kulitokea dhoruba kubwa ya Jua, na Jumapili ya tarehe 12 intaneti ikakatika Tanzania, Kenya na kwingine. Kwenye makundi yote ya WhatsApp ilisemwa ni Jua. Ni kweli?

---

Mafundi wa Waya

Nijibu mimi kwa sababu nilikuwa kazini siku ile. Si Jua. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Zikakatika pamoja, na njia nyingine za upande wa Bahari ya Shamu tayari zilikuwa na majeraha tangu mapema mwaka huo. Ndiyo maana tulizimika. Ndani ya waya kinachopita ni mwanga kwenye uzi wa kioo, na sumaku haina la kuufanya mwanga ule. Kilicho hatarini ni vikuza mwanga vilivyomo baharini, kwa sababu vinakula umeme kupitia shaba iliyo ndani ya waya huo huo, na dhoruba kubwa mno inaweza kuingiza umeme usiotakiwa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa nyaya za kaskazini karibu na ncha kuliko zetu.

---

Mwalimu wa Usangu

Umemaliza, mkuu. Naongeza tu dhoruba ilikuwa kweli, na ilikuwa nzito. Ngazi ya tano kati ya tano, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Ilitoka kwenye kundi la madoa meusi usoni mwa Jua lililopewa namba 13664, lenye upana wa Dunia kama kumi na tano zikipangwa mstari. Tarehe 9 Mei nilitoa kile kioo cha fundi kabatini nikatazama. Doa lilionekana kwa macho, dogo kama punje ya ufuta juu ya sahani. Marekani matrekta yanayojiendesha kwa GPS yalisimama shambani katikati ya msimu wa kupanda. Taa za angani, ile mianga ya rangi ya usiku iitwayo aurora, zilionekana mpaka nchi ambazo wazee wao hawakuwahi kuziona.

---

Mpima Viwanja

Kwa kuwa GPS imetajwa. Sisi tunaacha kifaa kwenye alama usiku kucha kikirekodi setilaiti. Mwezi Machi na Oktoba hasa, kuanzia saa mbili usiku hadi saa tano, rekodi inakuwa na mapengo. Setilaiti inapotea, inarudi, inapotea. Tulibadilisha antena, tukabadilisha betri, tukamlaumu kijana wa watu kuwa hajui kufunga kifaa. Ni Jua hili?

---

Mwalimu wa Usangu

Ni Jua, mkuu, kwa mkono mrefu. Mchana mwanga wake mkali unachuna elektroni kwenye hewa ya juu. Likizama, hewa ile hapa ukanda wa Ikweta inavurugika, na mapovu matupu yanapanda ndani yake kama mapovu ya soda. Ishara ya setilaiti ikipita kwenye mapovu inameremeta kama nyota na kifaa kinaipoteza. Ni tabia ya ukanda wetu, Ulaya hawana shida hii kwa kiwango chetu, na inazidi pale Jua likiwa kwenye kilele cha mzunguko wake wa miaka 11, yaani wakati wa madoa na milipuko mingi. Oktoba 2024 ilitangazwa rasmi kuwa tumeingia kileleni. Kijana wenu mwombeni radhi.

Ndiyo jibu langu pia kwa ndugu aliyenitumia ujumbe faraghani akiuliza utafiti huu unatuhusu nini. Milipuko na dhoruba hizi zinazaliwa ndani ya taji. Asiyejua taji linapashwaje hawezi kutabiri litatema lini.

---

Kijana wa Buguruni

Na hili joto la Dar la mwaka huu? Ni hicho kilele?

---

Mwalimu wa Usangu

Hapana. Kati ya kilele na bonde la mzunguko, mwanga wote tunaopokea hubadilika kwa asilimia 0.1 tu.

---

Umm Salma, Jeddah

Assalaam alaykum. Nimesikia huku kwetu Jua litapatwa lote 2027. Mwalimu, ni kweli tutaziona hizo nywele? Watoto wangu wawili wananiuliza, na nataka tuswali swala ya kusufi, ile ya Jua kupatwa, halafu tutazame bila kudhurika.

---

Mwalimu wa Usangu

Waalaykum salaam dada. Ni kweli, tarehe 2 Agosti 2027. Kivuli kitapita kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, Misri, kisha Jeddah na Makka, kuelekea Yemen na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor giza litazidi dakika sita, na hapo kwenu litapita dakika tano. Kwa kupatwa ni muda mrefu mno. Wenzetu wa Muscat wataliona limeliwa kipande tu, kwa hiyo wao hawatauona taji.

Kabla ya giza kamili na baada yake, miwani maalumu ya kupatwa au kioo cha kuchomelea namba 14, bila kupumzika. Miwani ya jua ya kawaida haifai, filamu ya eksirei haifai, maji kwenye beseni hayafai. Katika zile dakika za giza kamili peke yake ndipo mtavua na kutazama kwa macho matupu. Ukiona tone la kwanza la mwanga ukingoni, vaeni tena mara moja.

---

Kaka wa Arua

Salamu kutoka West Nile, Uganda. Mimi nimeziona. Tarehe 3 Novemba 2013, Pakwach. Tulipanda lori toka Arua asubuhi. Ilikuwa jioni, imepita saa kumi na moja, na sekunde zenyewe hazikuzidi ishirini na kitu. Niliogopa mawingu mchana kutwa. Kivuli kilikuja upande wa machweo kama mvua kubwa inayokuja, lakini bila sauti. Watu walipiga vigelegele, halafu ghafla wote kimya. Pale juu palikuwa na tundu jeusi, na pembeni yake kitu cheupe, laini, kama pamba iliyochambuliwa kwa vidole. Mzee aliyesimama karibu nami alivua kofia. Sikupiga picha, nilikuwa nimeshika simu mkononi nikasahau kama ninayo.

Leo ndiyo nimejua kuwa pamba ile ilikuwa na nyuzi milioni.

---

Mwalimu wa Usangu

Kaka, umenipa kitu ambacho sikukipata Rujewa. Naomba nikuulize, jaribu kukumbuka: zile nywele zilitoka pande zote sawasawa, au zilikuwa ndefu kushoto na kulia na fupi juu na chini?

---

Kaka wa Arua

Pande zote. Kama ua la alizeti. Kwa nini?

---

Mwalimu wa Usangu

Kwa sababu mwaka ule Jua lilikuwa linaingia kileleni. Likiwa kileleni sumaku yake imevurugika kila upande, na taji huota mviringo. Likitulia, nywele hujikusanya pembeni na ncha zinabaki na nyuzi fupi zilizonyooka. Machi 2025 Solar Orbiter kimepiga picha ncha ya kusini ya Jua kwa pembe ambayo hakuna kamera iliyowahi kuifikia, na vipimo vyake vikaonyesha sumaku za kaskazini na za kusini zimechanganyika mahali pamoja, kwa kuwa Jua lilikuwa katikati ya kugeuza ncha zake za sumaku. Ulichokiona Pakwach kwa macho ndicho hicho hicho, ukikitazama kutoka pembeni.

Umm Salma, ifikapo 2027 kilele kitakuwa kimepita. Waambie watoto wachore walichokiona jioni ile ile kabla ya kulala, wasiache hata unywele mmoja, halafu mkirudi muweke michoro hapa.